Nyonga Zinazongoja Zamu

Tarehe 5 Julai, 1948, Uingereza ilianzisha huduma ya afya ya taifa, mgonjwa akawa hatibiwi kwa kadiri ya mfuko wake. Mwaka 1962, katika hospitali ya Wrightington, Dakta John Charnley aliunda nyonga ya bandia iliyofuatwa na dunia nzima. Sisi twastaajabu, basi, kuona mzee wa nchi hiyo hiyo, ambaye nyonga yake imelika, akingoja miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka. Ahadi kwa wagonjwa wa England ni majuma 18; tangu mwaka 2016 haijatimizwa.

Sababu haifichiki. Kitanda anachokingoja ndicho hulazwa mgonjwa wa dharura, na majira ya baridi yakiwadia, operesheni ya nyonga ndiyo huahirishwa kwanza, kwani ati maradhi haya hayaui. Hayaui, ndiyo; lakini misuli hudhoofika, usingizi hutoweka, na mtu mzima huvishwa viatu na wanawe. Mwenye fedha, yeye, huenda hospitali ya kulipia, na mara nyingine hupasuliwa na daktari yule yule! Hatusemi azuiwe. Twasema vitanda vya mifupa vitengwe, visiguswe hata wakati wa baridi, kama baadhi ya hospitali za huko zilivyokwisha kufanya.