Z NATION: MTANI KWENYE MSIBA WA DUNIA

WAPENZI wa zombi wako kambi mbili, na ole wako uwaweke kwenye kochi moja. Kuna kambi ya The Walking Dead, hao wanaangalia wamekunja sura utadhani wako ibada ya Ijumaa Kuu. Halafu kuna kambi ya Z Nation, hao wanajipiga mapaja kwa kicheko mpaka karanga zinawapalia. Wiki hii, msomaji wangu, naomba tukae na hao wa pili, maana wametukanwa vya kutosha.

Kwa wewe ambaye sizoni hii imekupita, twende pamoja. Z Nation ilianza kuonyeshwa Marekani Septemba 12, 2014 kwenye kituo cha Syfy, ikafungwa Desemba 2018 baada ya misimu mitano. Waliyoibuni ni Karl Schaefer na Craig Engler. Waliyoitengeneza ni The Asylum, kampuni ya hela ya mawazo ambayo sifa yake kubwa ni kudandia sinema za wakubwa. Mwaka 2007 wenzao walipotoa Transformers, wao wakatoa Transmorphers. Hawana haya! Na ndio hao hao waliotuletea Sharknado mwaka 2013, ile ya papa wanaobebwa na kimbunga. Kwa hiyo waliposema wanaleta zombi, watu walianza kucheka hata kabla ya kuona picha.

Kisa chenyewe ni hivi. Ugonjwa umeimaliza dunia, wafu wanatembea. Mfungwa mmoja anaitwa Murphy alikuwa amedungwa chanjo ya majaribio bila ridhaa yake, zombi wakamng'ata mara nane, na hakugeuka. Damu yake ndiyo tumaini pekee la kupata dawa. Kundi dogo la watu linapewa kazi ya kumsafirisha kutoka New York hadi maabara iliyoko California, yaani kuivuka Marekani nzima. Kasheshe ni kwamba Murphy mwenyewe (Keith Allan) ni mlalamishi, mbinafsi na mwoga. Ni sawa na kubeba trei ya mayai kwenye daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni, halafu mayai yenyewe yanakutukana njia nzima.

WANAOIPONDA WANASEMAJE?

Hawa wana hoja, tusiwaonee. La kwanza ni kitoto kichanga kinachogeuka zombi kwenye sehemu ya kwanza kabisa na kuanza kukimbiza watu. Wengi walizima hapo hapo na hawakurudi. La pili ni vituko visivyo na kipimo. Kuna kimbunga kinachorusha zombi hewani. Kuna gurudumu la jibini kubwa kama lori, linabiringika barabarani na kuwasaga wafu kama chapati. Mwaka 2015 hata George R. R. Martin, mwandishi wa vitabu vilivyozaa Game of Thrones, aliletwa kucheza zombi wa yeye mwenyewe. Mtu wa The Walking Dead akiona hayo anashika kichwa. Kwake mwisho wa dunia si mahali pa kuchezea jibini.

La tatu ni umaskini wa picha. Safari inasemekana ni ya Marekani nzima, lakini picha nyingi zilipigwa maeneo ya mji wa Spokane, jimbo la Washington, kwa hiyo macho makali yanaanza kuzoea miti. Damu nyingine inaonekana wazi imetoka kwenye kompyuta. Hapo siwabishii. Hela haikuwepo, na ilionekana kwamba haikuwepo.

STERINGI ANAKUFA, BWANA WEE!

Sasa sikiliza upande wa pili. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunajua sheria namba moja ya sinema: steringi hafi. Anaweza kupigwa risasi, akatupwa mtoni, akafungwa kamba relini, lakini mwisho lazima arudi alipe kisasi. Z Nation inaanza na mwanajeshi Hammond, ameigizwa na Harold Perrineau, sura inayojulikana, sauti ya amri, kila dalili ya usteringi. Sehemu ya kwanza haijaisha, kaliwa! Uongozi anachukua Garnett (Tom Everett Scott), mzungu mpole, mwenye mapenzi yanayochipua. Ukasema sawa, huyu ndiye. Msimu wa kwanza haujafika mbali, naye huyoo.

Anayebaki kushika usukani ni Luteni Roberta Warren, mwanamke mweusi, ameigizwa na Kellita Smith. Na hakushika kwa muda tu akisubiri mwanaume mwingine aje. Alishika mpaka msimu wa tano. Hapa ndipo watazamaji wengi, hasa kina dada, wanapoacha kucheka na kuanza kuongea kwa heshima. Mtu anayezijua sinema za zombi anakumbuka kilichotokea mwaka 1968 kwenye Night of the Living Dead ya George Romero. Steringi alikuwa mtu mweusi, Duane Jones, akapambana usiku kucha na wafu, asubuhi akapigwa risasi na waliokuja kuokoa, wakidhani naye ni zombi. Karibu nusu karne baadaye, kwenye sizoni inayoitwa ya kipuuzi, mweusi ndiye anayewavusha wenzake. Hao wakubwa wenye hela zao walikuwa wapi?

KUMPA MTU REHEMA

Lakini kitu kilichonifanya nishike kalamu ni kingine. Kwenye Z Nation, kumuua zombi kunaitwa kumpa rehema. Hata uwe unakimbizwa, hata uwe umetoka kutania sekunde mbili zilizopita, yule unayemmaliza alikuwa mtu, na unamtamkia kwamba unampa rehema. Kuna kijana anaitwa 10K (Nat Zang), mlengaji hatari, jina lake limetokana na lengo lake la kuua zombi elfu kumi. Unacheka anavyohesabu. Halafu unakuja kujua kwamba baba yake mzazi aligeuka, na aliyelazimika kumpa rehema ni mtoto mwenyewe. Hapo hesabu yote inageuka kuwa kitu kingine. Huyu mtoto anahesabu ili asikumbuke.

Mtaani kwetu kuna dada mmoja mshonaji, alimzika mama yake mwaka 2021. Baada ya msiba alijaribu The Walking Dead, ikamshinda. Alisema kila mtu mle ana uso wa msibani, na yeye ametoka huko juzi. Tukamwekea Z Nation kwenye flashi. Akacheka jibini, akacheka Doc, yule mzee wa vidonge anayejiita daktari. Tulipofika kwenye habari ya 10K na baba yake akasema simamisha kidogo. Tukasimamisha. Akakaa kimya muda mrefu, akafuta macho kwa kipande cha kitambaa alichokuwa anashona, kisha akasema haya, endelea.

Baadaye ndiyo akanieleza, na maelezo yake yamenizidi mimi ninayejiita mwandishi. Yeye ni Mnyamwezi. Siku ya mazishi, katikati ya kilio, watani zao walifika na vituko. Mmoja akaanza kuigiza marehemu alivyokuwa akitembea na kugombeza watu. Mwingine akaingia kaburini akagoma kutoka mpaka alipwe. Wafiwa walicheka huku machozi yanatoka. Anasema bila wale watani asingeweza kula siku ile. Na hakuna aliyedhani mtani anamdharau marehemu. Mtani naye kaja kuzika, na jembe anashika kama wengine.

Basi hapo nikaielewa Z Nation. The Walking Dead ni mfiwa. Analia, na ana haki ya kulia, alilia misimu 11 kuanzia 2010 mpaka 2022. Z Nation ni mtani. Anakuja na jibini lake na kimbunga chake, anamwigiza marehemu, anadai faini, lakini muda wa kuzika ukifika anazika vizuri. Wanaosema inachezea kifo wameona kicheko tu, jembe hawakuliona.

JE, WAKINYAMAZA UTANI?

Kwa bahati nzuri jaribio hilo lilifanyika kweli. Mwaka 2019 The Asylum na Karl Schaefer, safari hii akiwa na John Hyams, walitoa Black Summer kwenye Netflix, hadithi ya siku za mwanzo za ulimwengu ule ule. Hakuna kichekesho hata kimoja. Zombi wanakimbia, watu wanakufa bila neno, kimya kinatisha kuliko kelele. Stephen King mwenyewe aliisifu hadharani. Walioiponda Z Nation wakasema haya, kumbe mnaweza! Kambi yetu ikauliza: na Murphy yuko wapi?

Mimi nimeiona misimu yake yote miwili na ni kali, usipime. Ila inathibitisha jambo moja: hawa watu walijua kutisha tangu zamani. Kwenye Z Nation walichagua kutuchekesha. Aliyeshindwa na aliyechagua si mtu mmoja.

Sikuambii kila kitu ni kitamu. Msimu wa tano ulileta zombi wanaoongea, wanaotulizwa kwa biskuti zilizochanganywa ubongo, na ugomvi wa kama nao wahesabiwe ni raia na wapige kura. Wako watazamaji waliolalamika kwamba siasa imeingia jikoni. Mimi nilipenda, maana swali lenyewe ni gumu: mtu akishaitwa mfu, ni nani mwenye ruhusa ya kumrudisha kwenye orodha ya walio hai? Lakini nakiri mwendo ulilegea, na utani ukapungua chumvi.

Kwa hiyo ukitaka kuanza, ushauri wangu ni huu. Usianze wakati wa chakula. Vumilia kile kitoto cha sehemu ya kwanza, kitapita. Usimpende mtu yeyote haraka, maana hawana dhamana. Na ukifika kwenye lile jibini usinipigie simu kuniuliza ni upuuzi gani huu nimekuelekeza. Wewe cheka, halafu mwangalie 10K anavyohesabu.