Pijo: Gari lililosifiwa na wote, likapotea sokoni

Na Mwandishi Wetu

WAFANYABIASHARA waliokwisha kushika usukani miaka ya 1970 na 1980 hawahitaji kuelezwa Pijo ni gari gani. Wafaransa wenyewe huandika Peugeot, lakini huku kwetu lilitamkwa Pijo toka mwanzo, na dalali aliyesema vinginevyo alionekana anajidai. Lilikuwa gari la meneja wa shirika la umma, lenye namba za SU. Lilikuwa teksi ya masafa marefu ya Wakenya. Na kwa umbo la pikapu lilikuwa mbeba nyanya, mbao na magunia ya mkaa. Leo hii mtu anaweza kusimama asubuhi nzima kando ya Barabara ya Morogoro akahesabu magari mpaka achoke, asipate Pijo hata mawili.

Wiki hii basi ukurasa huu unaweka kando bei za mchele na sukari na kuangalia soko la namna nyingine. Inakuwaje bidhaa inayosifiwa na karibu kila aliyepata kuitumia ipoteze soko lake lote? Swali hili si la wapenda magari peke yao. Mwenye mtaji mdogo anayetaka kununua gari la kazi, liwe la Mfaransa au la Mjapani, atakutana nalo gerejini siku moja.

MISUMENO KWANZA

Ukoo wa Peugeot ni wa mashariki ya Ufaransa, eneo la Montbéliard, karibu na mpaka wa Uswisi. Mwaka 1810 ndugu wawili, Jean-Pierre na Jean-Frédéric, waligeuza kinu cha nafaka cha familia kuwa kiwanda cha chuma. Walianza na misumeno. Baadaye ukoo huo ukaingia katika vinu vya kahawa, vinu vya pilipili manga na baiskeli. Ile nembo ya simba ilisajiliwa mwaka 1858, wakati hakuna aliyekuwa anawaza gari: ilikuwa ni sifa ya msumeno wenye meno ya simba. Vinu vya pilipili manga vya jina hilo vinauzwa mpaka leo, na vina wateja wake.

Magari yaliletwa na Armand Peugeot. Mwaka 1889 alionyesha chombo cha magurudumu matatu kinachokwenda kwa mvuke, na mwaka uliofuata akatoa gari la petroli lenye injini ya Daimler. Jamaa zake hawakuwa na hamu kubwa ya kutia fedha za familia katika jambo hilo, naye mwaka 1896 akafungua kampuni yake ya magari. Pande hizo mbili zilikuja kuungana tena mwaka 1910. Kiwanda cha Sochaux kilianza mwaka 1912.

Mwaka 1929 likatoka gari la 201, na tangu hapo kampuni ikashika desturi ya kuweka sifuri katikati ya namba. Ilikuwa ikiilinda desturi hiyo kama mali. Mwaka 1964 Porsche ya Ujerumani ililazimika kubadili jina la gari lake jipya kutoka 901 kuwa 911, kwa sababu Wafaransa walidai namba hizo ni zao. Likafuata 203 mwaka 1948, 403 mwaka 1955 na 404 mwaka 1960, lililochorwa na Pininfarina wa Italia. Hilo la mwisho ndilo lililofungua mlango wa Afrika Mashariki.

KITI CHA SAFARI RALI

Hakuna tangazo la biashara lililowahi kuuza gari huku kwetu kama mashindano ya Safari. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7 tu. Mshindi alikuwa Nick Nowicki pamoja na Paddy Cliff, ndani ya 404. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell, kwa gari hilo hilo. Mwaka 1968 mvua ilirudi kwa hasira, wakaanza 93 na wakamaliza 7, na kwa mara nyingine mbele alikuwa Nowicki.

Mnunuzi wa wakati ule hakuhitaji kusoma kijitabu cha kiwanda. Aliona gari linalofanana na lile la jirani yake likitoka kwenye tope ambalo limemeza mengine themanini na kitu. Gari la 504 lilipotoka mwaka 1968 na kuchaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya kwa mwaka 1969, hapa lilipokewa kama mtoto wa nyumba inayojulikana. Nalo likashinda Safari mwaka 1975 likiendeshwa na Ove Andersson, na tena mwaka 1978 likiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Jumla ni mara 6.

Nchini Kenya 504 liliunganishwa katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers kule Mombasa, na kazi hiyo iliendelea mpaka mwaka 2004, zaidi ya miaka 20 baada ya Ufaransa kuacha kutengeneza saluni ya 504 mwaka 1983. Nigeria nayo ilikuwa na kiwanda chake Kaduna tangu mwaka 1975. Dunia nzima yalitengenezwa zaidi ya milioni 3. Ni wazi kwamba Mfaransa aliliacha gari hili kabla Mwafrika hajalichoka.

WENYE NAYO WANASEMAJE

Ukikaa na watu waliomiliki 504, mazungumzo huanza na barabara. Gari lilikuwa na springi laini na ndefu, na viti vyake vilikuwa kama vya sebuleni. Kwenye vumbi lenye rasta, ambako magari mengine hugongana meno, Pijo lilikuwa likielea. Abiria alishuka Dodoma akiwa bado anajua mgongo wake uko wapi.

Sifa ya pili ni mzigo. Gari la familia la 504, lile refu, lilikuwa na safu tatu za viti vyote vikitazama mbele, watu 7 kwa hesabu ya kiwanda. Kwa hesabu ya matatu ya Nairobi kwenda Nakuru au Kisumu, watu walikuwa wengi zaidi. Ekseli ya nyuma ilikuwa nzima, imekalia springi nne, mbili kila upande, na ndiyo maana lilivumilia dhambi hizo. Kenya ilifika mahali neno Peugeot likawa na maana ya safari ya haraka mkoani, hata kabla ya mtu kuuliza gari lenyewe.

Sifa ya tatu husemwa na mafundi, na kwa mfanyabiashara ndiyo yenye thamani kubwa. Injini ya petroli ya 404 na ya 504 ilikuwa na silinda za kuvaa na kuvua, zinazopozwa na maji moja kwa moja. Injini ikilika, fundi hakuhitaji kupeleka bloku nzima kwa watu wa mashine ikachongwe. Alivua silinda na pistoni kuukuu, akatia mpya, akafunga. Kazi hiyo iliweza kufanyika chini ya mwembe, mbali na mji, na ilifanyika. Kwa mwenye gari moja tu la kumwingizia chakula, tofauti ya kulala gereji siku tatu na kulala wiki tatu ndiyo tofauti ya biashara na kufilisika.

Lawama nazo zipo, na haifai kuzificha kwa sababu ya mapenzi. Bodi lilipenda kutu, hasa pwani. Injini haikupenda kupata joto kupita kiasi: dereva mzembe aliyeacha rejeta ikauke aliunguza gasketi ya silinda hedi, na pengine hedi yenyewe ikapinda. Gia ya kwenye usukani, ikishalegea, ilihitaji mwenyewe. Mgeni aliweza kuitafuta gia ya pili mpaka taa zikageuka nyekundu tena. Injini za dizeli, ya sentimita za ujazo 2,112 na ile ya 2,304 iliyofuata, zilisifiwa kwa kula kidogo, lakini kwenye mlima wa Kitonga ukiwa na mzigo ilikubidi uwe mtu wa subira.

Maoni hugeuka kabisa unapofika kwenye magari ya baadaye, kama 406, 307 na 407. Waliowahi kuyamiliki husifu utulivu wake barabarani, kisha hunyamaza kidogo, kisha huanza kueleza habari za waya. Taa ya onyo huwaka bila sababu inayojulikana. Fundi wa mtaani hana mashine ya kusoma tatizo. Spea haipo Gerezani wala Kariakoo, inaagizwa. Mtu anasubiri. Ikifika, haikuwa yenyewe. Haya si magari mabaya kwao yalikotoka. Hapa yalikosa jamaa.

MJAPANI ALIINGIAJE

Maelezo ya kawaida ni kwamba Toyota ni imara zaidi. Ukurasa huu hauoni kwamba hiyo ndiyo sababu kubwa, maana Pijo lilikuwa imara na watu walilijua. Sababu kubwa ipo upande wa usukani.

Tanzania iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni mwaka 1984, na biashara ikaendelea kulegezwa miaka iliyofuata, mnunuzi wa kawaida aliacha kutazama gari jipya la wakala na kuanza kutafuta lililotumika. Je, apate wapi gari lililotumika lenye usukani wa kulia? Ufaransa huendesha kulia mwa barabara, usukani kushoto. Maghala yake yote ya magari kuukuu hayakutufaa sisi. Yalikwenda Afrika Magharibi, ambako 504 lilitawala vituo vya teksi kwa miaka mingi. Japani huendesha kushoto kama sisi. Tena ukaguzi wa magari Japani ni wa gharama na hurudiwa rudiwa, hivyo mwenyewe huona afadhali auze gari likiwa bado zima. Magari hayo yakapitia Dubai, baadaye yakaja moja kwa moja.

Gari moja likiwa mengi, spea zake huwa nyingi. Spea zikiwa nyingi, bei hushuka, na fundi kijana hujifunza gari hilo na si jingine. Mnunuzi anayefuata humuuliza fundi, na fundi humwambia anunue lile analolijua. Baada ya mizunguko kadhaa ya namna hiyo, ubora wa gari lenyewe huwa hauulizwi tena. Pijo halikushindwa mashindano. Lilikosa watu wa kulihudumia.

Mawakala nao waliumia. Marshalls (East Africa), kampuni iliyouza Peugeot Kenya kwa miaka mingi, ilikuwa katika Soko la Hisa la Nairobi, na wapo wawekezaji wadogo waliokuwa na hisa zake kwa kuamini kwamba kampuni ya magari haiwezi kukosa wateja. Uwakala ukaenda kwa Urysia, na hisa za Marshalls hazimo tena sokoni. Mwaka 2017 Urysia ilirudisha kazi ya kuunganisha Peugeot nchini Kenya, safari hii Thika, katika kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers. Ni juhudi ya kuheshimiwa, ila gari jipya la kiwandani linashindana na gari la miaka saba lililoshuka melini Mombasa, na mnunuzi huangalia fedha iliyomo mfukoni.

KAMPUNI YENYEWE

Huko kwao, Peugeot ilichukua Citroën katikati ya miaka ya 1970 na kununua shughuli za Chrysler za Ulaya mwaka 1978. Ilikula zaidi ya uwezo wa tumbo, ikapata hasara miaka ya mwanzo ya 1980, na kuokolewa na gari dogo la 205 lililotoka mwaka 1983. Mwaka 2014 ilikwama tena: serikali ya Ufaransa na kampuni ya Dongfeng ya China zikaingia, kila moja kwa asilimia 14, na ukoo uliokuwa mwenye nyumba kwa karne mbili ukabaki na fungu sawa na wageni. Mwaka 2017 ikanunua Opel. Januari 2021 iliungana na Fiat Chrysler na kuwa Stellantis.

Kwa hiyo msomaji anayeuliza kama anaweza kununua hisa za Peugeot ajue kwamba hazipo peke yake. Anayenunua Stellantis, iliyoorodheshwa Paris, Milan na New York, ananunua pia Fiat, Jeep, Opel na ndugu zao wote, wazima na wagonjwa. Afrika haijaachwa: kiwanda cha Kenitra, Morocco, kilifunguliwa mwaka 2019 na hutoa 208, na Kaduna kazi ilianza upya mwaka 2022 chini ya kundi la Dangote. Magari ya Morocco lakini hutengenezwa zaidi kwa soko la Ulaya.

Kuhusu pikapu za 504 ambazo bado hutokea kwa madalali mara moja moja: atakayepata ya bei ya kuridhisha aingie chini kwanza atazame kutu, afungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa imepoa aone kama maji yana mafuta, na kabla ya kutoa senti ampate fundi mwenye mvi aliyewahi kuzifungua, akubaliane naye kabisa. Wapo wachache. Wengi wa wenye pikapu hizo hawauzi, na ukiwauliza bei hutaja ya kukufukuza.