Hedifoni za taataa Kariakoo: Unanunua sauti au urembo?

MUULIZE kipa yeyote neno analopayuka zaidi kwenye mechi, atakwambia ni "yangu!" Beki akilisikia anaacha mpira upite. Asipolisikia wanagongana wote wawili, straika anatia wavuni kiulaini. Siku ya Simba na Yanga, Uwanja wa Benjamin Mkapa ukiwa na watu 60,000, neno hilo linamezwa na kelele za jukwaani, ndiyo maana mabeki wa kati hucheza wakigeuza shingo kila mara.

Vijana wanaocheza gemu kwenye kompyuta wana shida hiyohiyo. Katika gemu za bunduki kama Counter-Strike 2 au Valorant, adui unamsikia kabla hujamwona. Anakanyaga bati juu yako, anajaza risasi nyuma ya mlango, anaruka kutoka dirishani. Anayesikia vizuri anaelekeza bunduki kwenye kona na kusubiri. Asiyesikia anakufa, kisha anasingizia intaneti. (Wale wa EA Sports FC na eFootball wasitafute mchawi huku. Kwao sauti ni kionjo tu, spika yoyote inatosha.)

Na huu si mchezo wa watoto tena. Kwenye Michezo ya Asia iliyofanyika Hangzhou, China, mwaka 2023, gemu ziligombewa kwa medali rasmi kama riadha na ndondi. Mwaka uliofuata Riyadh iliandaa Kombe la Dunia la gemu lenye zawadi za zaidi ya Dola milioni 60 za Marekani. Kijana wa Gerezani au Upanga anayeota kufika huko anajua hawezi kushindana akiwa nusu kiziwi, kwa hiyo anajichanga, anaingia Kariakoo, na hapo ndipo anapopigwa.

Anapigwaje? Anakuta hedifoni kubwa, ina taa nyekundu na kijani, ina maiki, boksi limeandikwa 7.1 kwa herufi za dhahabu. Muuzaji anaichomeka, taa zinawaka, dogo anachanganyikiwa. Ananunua. Usiku anawasha kompyuta yake na anasikia kitu kilekile alichokuwa anasikia jana: mlio mwembamba kama wa nzi, na nyayo zisizojulikana zinatoka wapi.

Tuanze na huyo nzi, maana ndiye anayewalia watu hela nyingi bila sababu.

Si ajabu mjini hapa kompyuta ya gemu kuwa ilianza maisha ofisini: Dell au HP ya mtumba, ikaongezwa RAM, ikapachikwa kadi ya grafiki. Tundu la hedifoni la mbele limeunganishwa na waya mwembamba unaokatiza ndani ya boksi, karibu na feni na kadi ya grafiki. Waya huo unanasa kelele za umeme njiani. Ukisogeza mausi na mlio ukabadilika, au ukifungua gemu nzito na mlio ukaongezeka, tatizo haliko kwenye hedifoni. Hata ukivaa ya milioni utamsikia nzi huyohuyo, tena vizuri zaidi.

Jaribio la kwanza ni la bure. Chomeka hedifoni kwenye tundu la kijani la nyuma. Nzi akiondoka, kazi imeisha, hela yako imebaki mfukoni. Akibaki, nunua kadi ndogo ya sauti ya USB, kile kidude cha ukubwa wa kidole gumba chenye tundu la hedifoni upande mmoja. Kinatoa sauti nje ya boksi ikiwa bado ni namba, kisha kinaigeuza kuwa sauti mbali na kelele zile. Kwa mawazo yangu hiki ndicho kifaa cha kwanza kununuliwa, kabla ya hedifoni yenyewe, na vya kawaida bei yake ni ndogo kuliko jezi orijino ya timu yako.

Wakongwe wanakumbuka zama ambazo kompyuta bila kadi ya sauti ilikuwa inatoa "piiip" tu. Kampuni ya Creative ya Singapore ilitoa Sound Blaster mwaka 1989 na gemu zikaanza kuongea. Leo bodi karibu zote zina sauti ndani, kwa hiyo kadi kubwa ya kupachika si lazima tena.

Lakini kama ukigusa bati la kompyuta unahisi linakutekenya, umeme wa nyumba hauna ethi, au ekstensheni yako imeikata. Mlio nao unaweza kuwa unatoka huko. Hilo ni la fundi umeme na usilichezee, linaua.

Sasa hiyo 7.1. Maana yake ni spika saba na sabufa moja, zilizopangwa kumzunguka msikilizaji sebuleni. Kwenye hedifoni nyingi zenye maandishi hayo, ndani mna spika mbili tu, moja kila sikio, na zilizobaki ni hesabu ya programu. HyperX Cloud II, moja ya hedifoni za gemu zinazojulikana sana duniani, iko hivyo: spika mbili, na kadi ya USB inayofanya hesabu.

Si wizi. Wewe mwenyewe una masikio mawili na unajua bajaji inatokea upande gani. Sauti ya kushoto inafika sikio la kushoto kabla ya la kulia, tofauti isiyofika hata elfu moja ya sekunde, na ubongo unaikamata. Gemu nzuri zinaiga jambo hilo zenyewe. Counter-Strike 2 na Valorant zina hesabu hiyo ndani. Ukiwasha na 7.1 ya hedifoni juu yake, halafu na Windows Sonic, unachemsha chai mara tatu: nyayo zinasikika kama ziko bafuni. Chagua hesabu moja, nyingine zima. Hedifoni ya kawaida ya muziki yenye spika mbili safi itaishinda ile ya taa.

Kuna na hii ya namba za ohm. Wapo wanaodhani 250 ina nguvu kuliko 32. Ni kinyume. Hedifoni ya studio ya ohm 250 inahitaji amplifaya yake, na ukiichomeka kwenye kidude chetu kile itanong'ona. Ohm 32 ndiyo saizi yetu.

Bluetooth achia wa daladala. Sauti inachelewa kwa sehemu ya sekunde inayotosha kukuua, na ukiwasha maiki yake kwenye kompyuta, sauti mara nyingi inashuka kuwa kama ya simu ya kupiga. Zisizo na waya zinazokuja na kifaa chao cha USB ni habari nyingine, zinawahi. Waya bado ni mfalme, na wa bei rahisi.

Mitandaoni Wazungu wanasifu hedifoni zenye mgongo wazi, kwamba sauti yake ina nafasi. Kweli, lakini wao hawaishi ghorofa ya tatu juu ya Mtaa wa Kongo. Hapa chini kuna spika ya machinga inayorudia bei ya soksi tangu saa mbili asubuhi. Kwenye mashindano makubwa wachezaji huvaa iafoni za gemu ndani, na juu yake hedifoni nene zenye mvumo wa kuzuia kelele za mashabiki. Wewe chukua yenye mgongo uliofungwa. Ila angalia mito yake: ile ya ngozi bandia, kwa joto na unyevunyevu wa Dar, huanza kubanduka magamba na kukuachia vumbi jeusi masikioni. Ya kitambaa inavumilia, na jasho linapumua.

Mgongo uliofungwa una faida nyingine. Anayeshindana na kelele za nje anapandisha sauti bila kujijua. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 unaweza kuzisikiliza saa 40 kwa wiki, lakini zikifika 90 ni saa nne tu, kwa wiki nzima. Mwaka 2024 jarida la BMJ Public Health lilichapisha mapitio ya tafiti yaliyoonyesha kwamba wacheza gemu mara nyingi wanakaribia au kuvuka mipaka hiyo. Sikio likishakufa halifufuki, na hakuna duka Aggrey linalouza jingine.

Siku ya kununua, kagua kwanza pini. Yenye mistari mitatu myeusi imebeba sauti na maiki pamoja, na kompyuta yako yenye matundu mawili, la kijani na la pinki, itahitaji waya wa kugawa, udai palepale. Nenda na kidude chako na kompyuta mpakato, hata ya kuazima. Cheza rekodi unayoijua, hakikisha kushoto ni kushoto kweli. Kisha zima kila kitu, ivae, simama mlangoni. Kama bado unasikia vizuri bei ya soksi, mwambie muuzaji akuletee nyingine.