Konokono wa Ziwa, Konokono wa Dimbwi

Mkazi wa ufukwe wa Ziwa Viktoria aliyemeza prazikwanteli mwaka jana anaweza kukutwa tena na mayai ya kichocho katika kinyesi chake mwaka huu. Mara nyingi si kwamba dawa ilishindwa: mgonjwa alirudi majini, na majini kulikuwa na konokono. Kwa sababu hiyo upimaji wa konokono, unaodhaniwa kuwa kazi ya wanabiolojia peke yao, unamhusu pia tabibu wa zahanati.

Kandokando ya Mwanza kazi hiyo hufanywa kwa chujio la waya lenye mpini mrefu. Mpimaji, akiwa amevaa buti ndefu na glavu, huchota katika matete na magugu maji kwa muda uliopangwa, ili hesabu ya eneo moja iweze kulinganishwa na ya jingine. Kila konokono huwekwa peke yake katika chombo chenye maji safi, kisha hupewa mwanga wa jua au wa taa. Aliyeambukizwa na aliyekwisha kukomaza vimelea hutoa serkaria, lava wenye mkia uliogawanyika pacha, ambao huonekana kwa hadubini. Mwanga ndio unaowachochea. Hata ziwani huwa wengi zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, saa ambazo watoto huogelea na kina mama hufua.

Konokono asiyetoa kitu hathibitishi usalama wa maji. Vimelea huchukua wiki kadhaa kukomaa ndani yake, na katika kipindi hicho kipimo cha mwanga hakiambui chochote. Tena, konokono aliyepenywa na lava mmoja tu huweza kutoa maelfu ya serkaria.

Kosa jingine ni la mahali. Biomphalaria sudanica hukaa katika majani ya kingoni, bali Biomphalaria choanomphala huishi hadi kwenye kina, ambako hupatikana kwa kukokota chujio kutoka mtumbwini. Anayefyeka magugu ya ufukwe na kutangaza kwamba maji ni salama amemsahau huyo wa pili. Wote wawili hueneza kichocho cha tumbo, kiwezacho kuvimbisha ini na wengu na, baada ya miaka, kumtapisha mgonjwa damu.

Kichocho cha mkojo kina njia yake. Kusini mwa ziwa, upande wa Misungwi, Kwimba na Shinyanga, Bulinus nasutus huishi katika madimbwi ya msimu. Hujifukia topeni wakati wa kiangazi na kuibuka mvua zinaponyesha. Basi mtoto wa mjini mwenye damu katika mkojo aulizwe pia alikokwenda likizo, na kama huko alioga dimbwini.

Prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa; michanga huponyoka. Mvuvi aliyetibiwa leo huenda akahitaji kupimwa tena baada ya wiki chache, hata kama alimeza dozi kamili. Kwa kuoga nyumbani, maji ya ziwa yaliyotekwa bila konokono na kuachwa ndooni kwa siku mbili hayana tena serkaria hai. Ya kunywa yachemshwe.