Tovuti ya Kwaya na Uwakili wa Muziki wa Kanisa: Mambo ya Kuzingatia katika Sharika za Karatu na Ngorongoro

1. Utangulizi

Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 25, kinayo orodha ambayo wengi wetu huiruka tunaposoma. Wana wa Asafu, wa Hemani na wa Yeduthuni wanatajwa kwa majina. Vyombo vyao vinatajwa. Idadi ya waimbaji waliofundishwa inatolewa kuwa 288, nao wamegawanywa katika zamu 24 za watu 12 kila moja. Mwandishi mtakatifu aliona kwamba ni sehemu ya ibada yenyewe kuandika nani anaimba, kwa chombo gani, chini ya uongozi wa nani na kwa zamu ipi.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi kazi hiyo hiyo ya kuweka kumbukumbu na kutoa taarifa inavyoweza kufanywa leo kwa njia ya tovuti. Katika nchi nyingine suala hili hujadiliwa zaidi kuhusu orkestra na vyama vya muziki wa kiklasiki. Kwetu Karatu na Ngorongoro orkestra kamili hatunazo, lakini tunazo kwaya za usharika, kwaya za vijana na za akina mama, na bendi za matarumbeta, ambazo Walutheri wa Tanzania walizipokea kutoka katika desturi ya makanisa ya Ujerumani. Matatizo ya orkestra kubwa na ya kwaya ya mtaa mdogo yanafanana kuliko tunavyodhani, na mchungaji anapaswa kuyaelewa hata kama hatagusa kompyuta kwa mikono yake.

2. Fundisho kutoka Leipzig

Wamisionari wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 walitoka katika mji wenye kwaya maarufu ya Kanisa la Mtakatifu Thomas, iliyoanzishwa mwaka 1212. Johann Sebastian Bach aliitumikia kwaya hiyo tangu mwaka 1723 hadi alipofariki mwaka 1750. Kantata zake za kanisa zilizosalia ni takriban 200, na wataalamu wanaamini kwamba nyingine nyingi zimepotea.

Zilipoteaje? Baada ya kifo chake karatali za muziki ziligawanywa kati ya mjane wake na watoto wake. Sehemu aliyopata Wilhelm Friedemann, mwanawe mkubwa, ilitawanyika kwa kuuzwa kidogo kidogo alipokuwa katika shida ya fedha. Lakini karatasi za waimbaji ambazo mjane, Anna Magdalena, aliziacha katika shule ya Mtakatifu Thomas zilihifadhiwa. Tunaona hapa kwamba kilichokabidhiwa kwa taasisi kilidumu, na kilichobaki mikononi mwa mtu mmoja, hata kama alikuwa mwana mpendwa na mwanamuziki hodari, kilikuwa hatarini.

Ndugu msomaji, jambo hilo ndilo linalotokea katika sharika zetu leo. Kijana mwenye moyo wa kujitolea anatengeneza tovuti ya kwaya. Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, linasajiliwa kwa jina lake. Nywila anazijua yeye peke yake. Ada ya kila mwaka inalipwa kwa simu yake. Mwaka wa tatu anapata kazi Dodoma au Mwanza. Ada haikulipwa, anwani inafutwa, na nyimbo za miaka kumi zinatoweka kwa siku moja. Hakuna aliyekusudia mabaya, lakini kazi ya watu wengi imepotea.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni ya kiutawala. Anwani isajiliwe kwa jina la usharika. Nywila ziandikwe na kutunzwa katika ofisi ya usharika pamoja na hati nyingine. Ada ya mwaka iingizwe katika bajeti inayopitishwa na baraza la wazee. Nakala ya sauti, picha na maandishi yote iwekwe mahali pengine pawili, kwa mfano katika diski ya usharika na katika ofisi ya jimbo. Kurasa za Facebook na YouTube zinafaa kwa kutangaza, lakini zifikiriwe kama nyumba ya kupanga, kwa kuwa mwenye nyumba anaweza kubadili masharti wakati wowote.

3. Tovuti inajengwa kwa ajili ya nani?

Kosa la kawaida ni kuanza na mapambo. Orkestra zenye uzoefu huanza kwa kuuliza mgeni wa tovuti anatafuta nini, na mara nyingi jibu lake ni rahisi: mtakuwa wapi, lini, saa ngapi, mtaimba nini, na nitafikaje. Mambo hayo yawe katika ukurasa wa kwanza, kwa maandishi ya kusomeka. Yakiwekwa ndani ya picha ya bango, mtumiaji wa simu hayasomi vizuri, na msikilizaji asiyeona, anayesomewa maandishi na programu ya simu yake, hayasikii kabisa.

Kwa usharika wa Karatu wageni wa tovuti ni wa aina nne. Wa kwanza ni washarika wenyewe, wanaotaka ratiba ya mazoezi na maneno ya wimbo wa Jumapili ijayo. Wa pili ni kwaya nyingine, zinazotaka kualika au kujifunza wimbo. Wa tatu ni ndugu walio mbali. Wa nne ni wageni wa nchi za nje, kwa sababu Karatu ni mji ulio katika njia ya kwenda Hifadhi ya Ngorongoro, na watalii wengi hulala hapo.

Aina hii ya nne ina kishawishi chake. Ni rahisi kuitengeneza tovuti nzima kwa ajili ya mtalii: mavazi ya rangi, ngoma, machweo ya jua na maneno ya Kiingereza tu. Hapo kwaya inakuwa kivutio kimoja zaidi karibu na wanyama wa kreta. Mgeni akaribishwe, aelezwe saa za ibada na njia ya kufika, hata aombwe sadaka kwa uwazi ikiwa ipo haja. Lakini aingie akiwa mgeni katika ibada ya watu wengine. Lugha ya kwanza ya tovuti iwe ile ambayo washarika wanaisoma.

4. Uzito wa ukurasa

Jambo linalofuata ni la kiufundi, lakini lina sura ya haki. Washarika wengi huingia mtandaoni kwa simu ya kiganjani na kulipia vifurushi vidogo. Ukurasa mzito ni kodi juu ya maskini.

Tufanye hesabu. Wimbo wa dakika nne uliorekodiwa kwa ubora wa diski ya sauti, bila kubanwa, una ukubwa wa takriban megabaiti 42. Ukibanwa kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde, unakuwa chini ya megabaiti 4. Kwa kilobiti 64, ambazo kwa kwaya isiyo na vyombo vingi bado husikika vema, unakuwa chini ya megabaiti 2. Kwa hiyo faili kubwa itunzwe katika hifadhi ya usharika kama chanzo, na ile ndogo iwekwe kwenye tovuti. Picha nazo zipunguzwe kabla ya kupandishwa: picha ya megabaiti 5 inaweza kushushwa hadi kilobaiti 200 bila jicho la mtazamaji wa simu kuona tofauti. Sauti isianze kulia yenyewe ukurasa unapofunguliwa. Msikilizaji aibonyeze kwa hiari yake, akijua ukubwa wake.

5. Majina ya waliofanya kazi

Wimbo wa redioni kwa kawaida huhitaji jina la mwimbaji na jina la wimbo tu. Muziki wa kiklasiki hauenei katika nafasi mbili hizo. Kazi moja ina mtunzi, mwandishi wa maneno, aliyeipanga kwa sauti nne, mwongozaji, waimbaji wa pekee, mahali na tarehe. New York Philharmonic, iliyoanzishwa mwaka 1842, ilifungua hifadhi yake ya mtandaoni mwaka 2011, na kwa sababu taarifa hizo zilikuwa zimeandikwa, mtu anaweza kupata programu za maonyesho ya karne ya 19.

Muziki wetu nao unahitaji uaminifu huo. Wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya" uliandikwa na Bernard Kyamanywa mwaka 1966, ukatafsiriwa kwa Kiingereza na Howard Olson, mmisionari aliyefundisha Makumira, na leo umo katika vitabu vya nyimbo vya makanisa ya mabara mengine. Tunamjua mtunzi kwa sababu mtu alijali kuandika jina lake. Je, walimu wa kwaya wangapi wa Karatu wametunga nyimbo ambazo leo zinaimbwa kama za mtu asiyejulikana? Kila wimbo unaowekwa kwenye tovuti uandikiwe mtunzi, mwalimu wa kwaya, lugha, mahali na tarehe.

Hapa sheria inakutana na maadili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi katika maisha yake na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kazi za Bach ziko huru, lakini rekodi ya kwaya nyingine inayoimba Bach ina haki za waliorekodi. Wimbo wa jirani usipandishwe bila ruhusa yake. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatukumbusha kwamba picha na jina la mtu ni mali ya kutunzwa. Kwa watoto wa Shule ya Jumapili ridhaa ya mzazi iombwe kwanza, na iandikwe.

6. Lugha na sauti za asili

Wairaqw wa Karatu wana slufay, maneno ya baraka na maombi yanayonenwa na mzee huku wasikilizaji wakiitikia. Mtu akiyaandika kwenye karatasi, mpando na mshuko wa sauti na itikio la kundi hupotea. Tovuti inaweza kuweka maneno, tafsiri na sauti pamoja katika ukurasa mmoja. Yako mambo madogo yanayohitaji uangalifu: katika maandishi ya Kiiraqw yanayotumiwa na wataalamu, alama ya mkwaju husimama mahali pa sauti ya kooni, lakini kwa kompyuta alama hiyo hutenganisha majalada, hivyo isitumike katika jina la faili, bali ibaki katika maandishi ya ukurasa. Lililo kubwa zaidi ni idhini. Si kila kinachonenwa mbele ya wazee kimekusudiwa kusikiwa na dunia nzima, na wenye mali waulizwe.

Upande wa Ngorongoro haja ni ya haraka zaidi. Eneo la hifadhi, lililoanzishwa mwaka 1959, limekuwa makao ya Wamaasai pamoja na wanyamapori. Tangu mwaka 2022 kaya kadhaa zimehamia Msomera, wilayani Handeni, mkoani Tanga. Lolote tunalofikiri juu ya uhamisho huo, mchungaji anajua kwamba watu wanapotawanyika, kwaya yao hutawanyika pia. Sauti ya nne inakwenda Handeni, ya kwanza inabaki, na wimbo waliokuwa nao kwa Kimaasai haumo katika kitabu chochote. Kurekodi kwaya hiyo wakati waimbaji bado wanaweza kukutana, na kuweka rekodi mahali ambapo waliohama na waliobaki wataisikia, ni kazi ya kichungaji.

7. Tusingoje utajiri

Huenda msomaji akasema kwamba mambo haya ni ya wenye mali, kama Berliner Philharmoniker, waliofungua ukumbi wao wa mtandaoni mwaka 2008. Lakini orkestra ya Kanisa la Kimbanguu mjini Kinshasa ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda kwa vyombo vichache vya kuazimana, na mwaka 2010 filamu juu yake ilitazamwa katika nchi nyingi. Karibu nasi, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kinafundisha muziki kwa kiwango cha shahada, na wanafunzi wake wanaweza kushirikiana na sharika katika kurekodi na kuandika.

Usharika unaweza kuanza na kurasa tano tu: sisi ni nani, ibada na ratiba, nyimbo zetu, watunzi na walimu wetu, mawasiliano. Mtu mmoja ateuliwe kuondoa tarehe zilizopita, maana tangazo la Krismasi linaloonekana mwezi wa saba humwambia mgeni kwamba hakuna mtu nyumbani. Msaidizi wake ateuliwe siku hiyo hiyo, ili kazi isifungwe kwa mtu mmoja.

8. Hitimisho

Mwaka 1524, Johann Walter alipochapa huko Wittenberg kitabu cha nyimbo chenye dibaji ya Luther, mashine ya uchapaji ilikuwa bado chombo kipya. Wazee wetu wa imani hawakukiogopa, wala hawakukiabudu. Walikitumia ili vijana wapate nyimbo za kuimba. Tovuti nayo ni chombo. Thamani yake itapimwa kwa swali moja: miaka 30 ijayo, mtoto wa Karatu au wa Msomera akitaka kujua bibi yake aliimba nini kanisani, je, atapata jibu? Ikiwa mwalimu wa kwaya yenu bado yu hai, mwendeeni wiki hii na daftari, mkaandike majina ya nyimbo zake. Tovuti itafuata.