Kitufe kimoja kilivyomgharimu dereva kazi
Mbio za magari za kompyuta zina funzo kwa kila anayefanya biashara kwa simu

JUMAPILI ya Pasaka, Aprili 12, 2020, Marekani ilikuwa imejifungia ndani kwa sababu ya korona. Viwanja vya mbio za magari vilikuwa kimya. Hata hivyo, usiku huo madereva zaidi ya 60 walikuwa wakishindana, kila mmoja nyumbani kwake, usukani mkononi, hedifoni masikioni na macho kwenye skrini. Walikuwa wakikimbia katika uwanja wa Monza wa Italia, ambao umechorwa upya ndani ya kompyuta, kona kwa kona.

Miongoni mwao alikuwamo Kyle Larson, wakati huo akiwa na umri wa miaka 27, mmoja wa nyota wa NASCAR, mashindano makubwa ya magari nchini humo. Larson alikuwa akimtafuta mwangalizi wake kwa redio na hakupata jibu. Akauliza kama anasikika. Kisha, akidhani yuko na mtu wake peke yake, akatamka tusi la kibaguzi linalotumiwa dhidi ya watu weusi.

Larson alikuwa akisikika na kila mtu. Sauti yake ilikwenda kwa madereva wote, na kupitia kwao ikawafikia watazamaji waliokuwa wakifuatilia moja kwa moja kwenye intaneti. Dereva mwenzake, Anthony Alfredo, ndiye aliyemjulisha kwamba anazungumza na wote.

Jumatatu NASCAR ikamsimamisha kwa muda usiojulikana, na timu yake, Chip Ganassi Racing, ikamsimamisha bila mshahara. Larson akatoa video ya kuomba radhi, lakini wadhamini wake, McDonald's na benki ya Credit One, wakajiondoa. Kufika Jumanne timu ikamfukuza kazi. Yote hayo yalitokea ndani ya siku mbili, kwa sababu ya neno moja lililosemwa kwenye mchezo wa kompyuta.

Mwangalizi ni nani?

Katika mbio halisi za NASCAR, dereva hufungwa mikanda kiasi kwamba kugeuza shingo ni shida. Kwa hiyo kila timu huweka mtu juu ya jukwaa, anayeuona uwanja mzima. Huyo humwambia dereva kwa redio: kuna gari kushoto, njia ni nyeupe, kuna ajali mbele. Dereva huyaamini masikio yake kama anavyoyaamini macho.

Mchezo wa iRacing, ulioanza mwaka 2008, umeuchukua utaratibu huo kama ulivyo. Mchezaji hubonyeza kitufe ili kuzungumza, na akikiachia sauti inakatika. Kitufe ni kimoja lakini chaneli ni nyingi: kuna ya washiriki wote, kuna ya timu, na kuna ya wasimamizi wa mbio. Asiyetazama yuko chaneli gani anaweza kutoa siri ya timu mbele ya wapinzani, na pengine jambo baya zaidi ya siri.

Wazoefu wana kanuni zao. Ya kwanza ni ufupi. Gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 250 kwa saa, hakuna nafasi ya hotuba. "Naingia kubadili matairi" inatosha kumfanya aliye nyuma asikugonge utakapopunguza mwendo. "Pita kulia" inaokoa magari mawili. Wengi huyaandaa maneno hayo mapema, wakaweka kila ujumbe kwenye kitufe chake ili usihitaji kuandikwa barabarani.

Kanuni ya pili ni kusema mapema. Onyo linalokuja baada ya kona halimsaidii mtu.

Ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote: ukigongwa, nyamaza kwanza. Sababu yake si adabu tu. Taarifa za gari la mwenzako husafiri kwa intaneti na hufika zikiwa zimechelewa kidogo, hivyo kompyuta yako hukisia gari lile liko wapi kwa sasa. Mtandao ukiyumba, wewe unaweza kuona umegongwa ilhali mwenzako, kwenye skrini yake, ameona nafasi ya kutosha kati yenu. Wote wawili mnasema kweli, na bado mtatukanana.

Ndiyo maana iRacing ina utaratibu wa malalamiko. Mchezaji huhifadhi picha za tukio na kuzituma kwa waamuzi baada ya mbio. Waamuzi hawaangalii ajali tu. Matusi ya sauti na ya maandishi nayo hushtakiwa, na anayepatikana na hatia anaweza kufungiwa.

Mchezo wenye fedha za kweli

Wiki moja kabla ya kisa cha Larson, Aprili 5, dereva mwingine wa NASCAR, Bubba Wallace, aligongana na mwenzake kwenye uwanja wa Bristol wa kompyuta. Alikasirika akaacha mbio, huku akiwaambia watazamaji kwamba ndiyo maana hauchukulii mchezo huo kwa uzito. Mdhamini wake, kampuni ya dawa ya kuchua ya Blue-Emu, alikuwa akitazama. Naye akatangaza kumwacha.

Wengi walishangaa: mchezo tu? Lakini kwa wadhamini haukuwa mchezo. Mbio halisi zilikuwa zimesimama tangu katikati ya Machi, na mbio za kwanza za mfululizo huo wa kompyuta, zilizoonyeshwa kwenye televisheni Machi 22, zilitazamwa na watu 903,000. Nembo kwenye gari la kompyuta ilionekana na watazamaji, kama nembo kwenye gari la chuma.

Larson alirudi, ila haikuwa rahisi. NASCAR ilimtaka apate mafunzo ya kuheshimu watu wa asili nyingine, ingawa yeye mwenyewe, ambaye mama yake ana asili ya Japani, alikuwa amepitia mpango wake wa kuinua madereva kutoka jamii za wachache. Alikwenda Philadelphia, kwenye shule ya Urban Youth Racing School inayowafundisha vijana mbio za magari. Alishindana kwenye viwanja vya udongo. Oktoba 2020 alifunguliwa mlango, na timu ya Hendrick Motorsports ikamchukua. Mwaka 2021 alishinda mbio 10 na kutwaa ubingwa.

Aliupata ubingwa, lakini lile neno halikurudi mdomoni.

Mfanyabiashara wa Namanga, Busia, Rusumo au Tunduma huenda asishike usukani wa kompyuta maisha yake yote. Lakini kitufe cha Larson anacho mfukoni. Kundi la WhatsApp la wasafirishaji lina Wakenya, Watanzania, Waganda na Wanyarwanda. Humo mna wateja, washindani, mawakala wa forodha, na mara nyingine mtu ambaye hakuna anayekumbuka nani alimwingiza. Bei ya mwisho iliyokusudiwa kwa mwenzi mmoja ikitua humo, imeshauzwa. Dhihaka juu ya watu wa ng'ambo ya mpaka ikitua humo, mzigo unaweza kukosa mnunuzi.

Kanuni za madereva zinafaa hapa pia: kuangalia chaneli kabla ya kubonyeza, kusema kwa ufupi na mapema, na kukumbuka mtandao unapochelewesha ujumbe kwamba huenda mwenzako hakukudharau, hajakuona tu. Wahenga walishasema: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.