Tumbo Gani Linalokatwa?

Majuma mawili yaliyopita alinijia nyumbani mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya msingi huko Kawangware. Alikuwa na karatasi nne mkononi, zote za Kiingereza. Mama yake, mkazi wa Makina, Kibera, ana uzito wa kilo 118, ana kisukari, na magoti yake hayamruhusu tena kusimama mbele ya karai la mandazi. Mwanawe wa kiume aliye ughaibuni ameahidi kulipa gharama, mamia ya maelfu ya shilingi, ili afanyiwe upasuaji wa kupunguza uzito katika hospitali ya kibinafsi. Lililobaki ni mama kuchagua aina ya upasuaji na kutia sahihi.

"Mwalimu," akaniambia, "nimemweleza mama kwamba atakatwa tumbo, naye amekubali. Ila nahisi amekubali kitu kingine."

Alihisi sawasawa. Jumamosi iliyofuata tuliandamana hadi Makina, na baada ya chai nikamwuliza mama anavyoielewa shughuli yenyewe. Akashika kitambi chake kwa mikono miwili. "Si watayatoa haya mafuta, mwanangu?"

Neno tumbo limebebeshwa mzigo mkubwa katika lugha yetu. Ni sehemu yote iliyo kati ya kifua na nyonga. Ni mfuko ambamo chakula husagwa. Na tukiliongezea neno, huwa tumbo la uzazi. Kamusi za sayansi zinalo neno fumbatio kwa ile maana ya kwanza, lakini sijapata kumsikia muuguzi hata mmoja akilitamka wodini. Mama alikuwa akiwaza kunyonywa mafuta yaliyo chini ya ngozi, jambo la urembo lisilotibu kisukari, na lenye hatari zake pia: mnamo Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki hapa Nairobi baada ya kufanyiwa upasuaji wa namna hiyo. Karatasi zilizokuwa mezani zilizungumzia mfuko wa chakula.

Basi tukaanza upya. Aina ya kwanza ya upasuaji, nilimweleza, hukata na kuondoa takriban asilimia 80 ya mfuko huo, ukabaki mwembamba kama ndizi. Kilichotolewa hakirudishwi. Katika aina ya pili, sehemu ya juu ya mfuko hutengwa kuwa kifuko kidogo cha kiasi cha mililita 30, kisha kifuko hicho huunganishwa na utumbo mwembamba mbele kidogo, hivi kwamba chakula hakipiti katika mfuko uliosalia wala mwanzo wa utumbo.

"Kumbe ni baipasi!" mama akasema. "Kama ile barabara yetu. Magari hayaingii mjini."

Sikuwa na la kuongeza. Southern Bypass hupita ukingoni mwa Kibera, nayo imefundisha kuliko mimi. Watanzania wangesema barabara ya mchepuko, ingawa vijana wao wamekwisha kulipa neno hilo maana ya hawara. Zipo njia nyingine, kama vile mkanda ufungwao juu ya mfuko, ambao madaktari wengi wameuacha, na puto liingizwalo kupitia mdomoni na kutolewa baada ya miezi kadhaa, lakini hizo mama hakupendekezewa.

Ugumu ulikuwa kwingine. Mama husumbuliwa na kiungulia kila usiku. Upasuaji wa kwanza, ambao ndio mwepesi zaidi, waweza kukizidisha. Baipasi aghalabu hukipunguza, na huelekea kukidhibiti kisukari vyema zaidi. Hata hivyo, baipasi ina masharti ya maisha: vitamini na madini kila siku, vipimo vya damu mara kwa mara, na kuepuka vidonge vya maumivu vya jamii ya ibuprofeni na diklofenaki, maana vyaweza kuleta vidonda penye maungio. Nikamwona mama akimtazama binti yake. Vidonge hivyo ndivyo anavyonunua kwa ajili ya magoti. Sharti hilo lilikuwa katika ukurasa wa tatu, limefumbwa ndani ya kifupisho cha Kiingereza.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inataka mgonjwa aelezwe tiba zilizopo, manufaa, hatari na gharama zake, na kila inapowezekana aelezwe kwa lugha anayoielewa. Katiba ya 2010 nayo inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Sisi walimu wa Kiswahili huinukuu Katiba hiyo katika makongamano, tukapigiana makofi, tukaenda kunywa chai. Sijaiona idara yoyote ya Kiswahili, yangu ikiwemo, ikiketi na madaktari wa upasuaji kuandika japo karatasi moja ya ridhaa. Mwanafunzi wa uzamili anayelalamika kwamba mada za tasnifu zimekwisha na aende kliniki ya kisukari na daftari lake, amsikilize muuguzi akitafsiri papo kwa papo, aandike pale anaposita.

Mama hajatia sahihi. Ameomba miadi nyingine, na amemwandikisha binti yake maswali matano kwa Kiswahili. La kwanza linauliza: nikiviacha vidonge, magoti haya nitayatuliza kwa nini mpaka uzito upungue?